Dakika Arobaini, Kisha Ipumzike

Machi 3, Jumatatu

Daftari la zamani limelowa. Mvua ya juzi ilipita dirisha la karakana, kurasa zote zimeshikana, na kazi ya miaka sita imegeuka uji. Basi naanza upya, na kanuni ya kwanza naiandika juu kabisa nisije nikaisahau uzeeni: mota ya mashine ya kufyonza vumbi, ile ya nyumbani, dakika arobaini mfululizo, kisha ipumzike nusu saa. Mfuko ukiwa umejaa au mpira umeziba, hata ishirini ni nyingi, maana hewa inayofyonzwa ndiyo hiyo hiyo inayoipoza mota. Zile za kazi nzito, zenye njia yake ya hewa, hizo saa tatu nne hazina neno.

Msimamizi wa usafi wa ukumbi wa mikutano alikuja asubuhi, mashine kaikumbatia kifuani. Mara ya tatu tangu mwaka uanze.

"Fundi, imezimika yenyewe."

"Haikuzimika, mmeiua."

"Tumeitumia kidogo tu."

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

Akaangalia dari. "Tangu asubuhi mpaka wageni walipoanza kuingia."

Nikamuuliza kama yeye anaweza kukimbia tangu asubuhi mpaka wageni waingie, huku nimemziba pua kwa kitambaa. Akacheka, akaniuliza swali wanaloniuliza wateja wote: sasa inaweza kwenda muda gani bila kuzimwa? Nikamwambia aisome kanuni niliyoibandika ukutani. Anaisoma kila akija.

Daftari hili ni la mota. Lakini leo ni siku ya tisa tangu binti yangu aondoke, na sina pengine pa kuliandika hilo.

Machi 4

Mvua. Beringi mbili, swichi moja.

Machi 5, Jumatano

Nitaliandika mara moja, nisilirudie.

Binti yangu anasafisha ofisi za watu kwa mashine yake mwenyewe. Mwezi wa kwanza alipata mkataba wa miezi mitatu kwenye hoteli kubwa, nchi jirani, mpaka mwisho wa mvua. Alitaka kujifunza usafi wa majengo makubwa, arudi aanzishe kampuni yake. Mtoto angemwacha kwetu. Aliponiuliza naonaje, nilimwambia, "Wewe ni mtu mzima, amua mwenyewe." Kisha nikanuna wiki mbili nzima. Mtu mwenye mvi zangu, nikanuna.

Siku ya kuondoka nilikuwa karakana, namjaribia mteja mmoja mota yake. Mota ikishatengenezwa lazima izunguke dakika arobaini chini ya jicho langu, na jaribio halikatizwi. Ukilikatiza hujui kitu. Ilikuwa imefika dakika ya ishirini na sita aliposimama mlangoni, begi begani. Midomo yake ilikuwa inasema. Mota ilikuwa inapiga kelele. Nikagusa sikio kumwonyesha kwamba sisikii, kisha nikamwonyesha saa ya mkononi, asubiri.

Alisubiri. Nje gari lilipiga honi. Akasema tena, maneno machache tu, kisha akainua mkono na kwenda.

Nilizima ilipofika arobaini. Barabara ilikuwa kimya. Alichosema sikijui mpaka leo.

Machi 7, Ijumaa

Mjukuu wangu ana miezi kumi. Mwenzangu humwita mke mwenza, eti tangu azaliwe mimi sina habari tena na mke mkubwa. Tatizo la mke mwenza ni kwamba hataki kulala mchana. Tangu mama yake aondoke analia kuanzia saa saba mpaka saa kumi, anatulia, kisha analia usiku kwa uchovu. Tumembeba, tumemwimbia, tumemtembeza mpaka kwa jirani na kurudi.

Leo mwenzangu alikata tamaa, akamlaza kitandani akilia, akaenda sebuleni kufyonza vumbi la zulia kwa mashine aliyoiacha binti yetu, yenye kovu ubavuni. Hazikupita dakika tano, kilio kikakatika. Tukachungulia. Mtoto amelala, mdomo wazi.

Tulitazamana. Tangu akiwa na mwezi mmoja alikuwa anafungwa mgongoni huku mama yake akisukuma mashine hiyo ofisi hadi ofisi. Kelele hizo kwake ndizo wimbo.

Dakika 30. Amelala saa nzima.

Machi 8

Dakika 35. Amelala.

Machi 9, Jumapili

Dakika 40. Nilipozima akaamka.

Binti alipiga simu alasiri. Nilimwambia mwenzangu, "Mwambie nina kazi."

"Fundi, leo Jumapili."

"Mwambie hivyo hivyo."

Alimwambia. Huwa ananiita Fundi akiwa ananitania au akiwa amenikasirikia, na leo hakuwa ananitania.

Machi 13

Dakika 50. Najua.

Machi 14

Dakika 55. Najua, najua. Nilisafisha mfuko na mpira kwanza, hiyo inasaidia kidogo.

Machi 20, Alhamisi

Ilipofika dakika ya 58 mashine ikajizima yenyewe. Mtoto akaamka, akalia mpaka jioni. Ndani ya mota hizi kuna swichi ndogo ya joto. Mota ikichemka kupita kiasi, swichi inakata umeme, ikipoa inarudisha. Ndiyo mlinzi wake.

Machi 21

Imejizima tena, dakika ya 52. Amelia.

Machi 22, Jumamosi

Leo nimefanya jambo ambalo mwaka juzi mteja mmoja aliniomba nimfanyie, nikamrudishia mashine yake bila kuigusa na kumwambia atafute fundi mwingine. Nimeitoa swichi ya joto na kuunganisha nyaya zake mbili moja kwa moja. Sasa hakuna wa kuizima isipokuwa mkono wa mtu. Nimelifunga ganda la mashine haraka, kama mtu anayeficha kitu.

Dakika 70. Amelala kama gunia.

Machi 27

Dakika 75. Kuanzia leo mwenzangu ndiye anayewasha, mimi nina kazi nyingi. Ukumbi wa mikutano umeleta mashine nyingine mbili. Naisikia kwa ukuta wa karakana. Yeye hafyonzi kitu, anaisimamisha katikati ya sebule, anaiwasha na kurudi jikoni. Naandika muda tu.

Aprili 2

Dakika 80. Mvua tangu alfajiri.

Aprili 6, Jumapili

Simu. Nilikuwa na kazi.

Mwenzangu ananisimulia mwenyewe bila mimi kuuliza. Hotelini wana mashine kubwa kama mtoto wa tembo. Amepewa ghorofa mbili azisimamie. Anaulizia mtoto ana meno mangapi. Anauliza Baba hajambo?

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia Baba yako yuko karakana anajificha."

Aprili 11, Ijumaa

Nilikuwa nimeinama natafuta skrubu chini ya meza. Mashine ilikuwa inanguruma upande wa pili wa ukuta, kama ilivyokuwa kila Jumamosi binti yangu alipokuwa anaijaribu kabla ya kazi za wiki. Nikapaza sauti, "Mama, ukimaliza huko niletee bisibisi!" Mimi humwita mama, kwa sababu ana jina la mama yangu.

Mashine iliendelea tu kunguruma. Nilikaa chini sakafuni. Namkosa binti yangu. Nimeandika, basi.

Dakika 90.

Aprili 17

Mvua kubwa kuliko zote. Bati lilikuwa linapigwa hata mimi na mteja tukawa tunaandikiana kwenye karatasi. Mashine haikusikika hata kidogo, nilijua inafanya kazi kwa kuona taa ya karakana imefifia. Mtoto amelala vizuri.

Dakika 85.

Aprili 20, Jumapili

Hoteli inataka abaki. Mwaka mzima zaidi, na cheo. Jibu linatakiwa mwisho wa mwezi. Mwenzangu aliniambia huku anakunja nguo za mtoto, na alikunja fulana moja mara nne.

"Yeye mwenyewe anasemaje?" niliuliza.

"Anasema hajui. Anasema Mama, Baba anataka nini?"

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini, Fundi? Mimi mwenyewe sijui unataka nini. Wewe huwa unasema na mota."

Mwaka mmoja. Mtoto atakuwa anakimbia, na mama yake atakuwa sauti ndani ya simu.

Aprili 23

Dakika 95. Kaboni, vile vijiti vya kuipelekea mota umeme, zimeanza kutoa cheche, nimeziona kwenye matundu ya ganda. Nilipaswa kusimamisha.

Aprili 26, Jumamosi

Imeungua.

Ilikuwa saa tisa kasorobo, dakika ya mia moja na nne. Nilisikia sauti ikipanda, nyembamba, kisha ikashuka kwa mkoromo na kukatika. Harufu ya koili iliyoungua naijua tangu ujana wangu. Nilikuwa nimeshainuka kabla haijafika. Nilichomoa waya, nikaibeba mashine mpaka uani huku inatoa moshi, nikaiweka chini ya ukingo wa bati isipate mvua. Mkono wangu wa kulia una malengelenge mawili.

Kisha nikakumbuka mtoto. Nikarudi kwa ncha za vidole, nikasimama mlango wa chumbani kungoja kilio.

Hakikuja. Alikuwa amelala chali, mkono mmoja juu ya kichwa. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikasikia bomba la jikoni likidondosha. Nilisimama pale robo saa nzima, nikihesabu.

"Hataamka," mwenzangu alisema nyuma yangu.

"Umejuaje?"

"Ameshaacha. Tangu mwezi wa tatu haujaisha analala mwenyewe. Namlaza, anageuka ukutani, amekwenda. Hata siku ile ya mvua kubwa hukujiuliza alikuwa anasikia nini?"

Nilimwangalia. Nimekaa na mwanamke huyu miaka thelathini na moja na nilidhani namjua kama ninavyoijua mota.

"Sasa mashine ulikuwa unaiwashia nani?"

Alichukua kitambaa akaanza kufuta sufuria ambayo ilikuwa kavu.

"Nikiwa jikoni, nikiisikia inanguruma sebuleni, naona kama yupo. Napika kama yupo. Ikizimwa ndiyo nakumbuka kwamba hayupo, basi nikawa siizimi." Alifuta tena. "Na wewe, Fundi? Unamgombeza kila mteja kwa dakika arobaini. Mia moja na nne unazisikia kwa ukuta na huji kuizima. Wewe ulikuwa unamwashia nani?"

Alijua jibu. Tulikaa mezani wawili, tukanywa chai, na mtoto akalala mpaka saa kumi na nusu bila kelele yoyote.

Nimeiua mashine ya mwanangu. Nilimtoa mlinzi wake kwa mikono yangu, nikaiacha izunguke ili nisisikie kimya.

Aprili 27, Jumapili

Simu ilipolia mwenzangu alinitia mkononi bila kuniuliza, akambeba mtoto akatoka nje.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo."

Nyuma yake nilisikia mashine inafanya kazi, sauti nene, ya mota kubwa.

"Hiyo inakwenda muda gani bila kuzimwa?" nikauliza. Naona aibu kuandika kwamba hilo ndilo neno langu la kwanza kwake baada ya miezi miwili.

"Saa nne, Baba, na haipati hata vuguvugu. Ungeiona! Ina feni mbili, moja ya kufyonza, moja ya kujipoza."

"Ndivyo inavyotakiwa." Nikaangalia malengelenge mkononi. "Ya kwako nimeiunguza."

"Nani, wewe?"

Nikamweleza yote, mpaka swichi ya joto. Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe, Baba! Wewe ulinitoa machozi nilipoiacha dakika hamsini!" Kisha akaacha kucheka, kwa sababu nilimweleza na ya mama yake na jikoni.

"Siku ile mlangoni," nikasema, "ulisema nini?"

"Siku nyingi hizo."

"Niambie."

Nilisikia mashine ya kule ikisogezwa mbali.

"Nilisema, 'Baba, sema neno moja tu, nitabaki.' Ukanionyesha saa."

Nilikaa kwenye kiti. Sikujua kwamba nilikuwa nimesimama.

"Sikukusikia, mwanangu."

"Najua. Nililia njia nzima, lakini najua. Na pengine ni vizuri, maana ningebaki na ningekulaumu. Huku nimejifunza mengi. Ila ungeizima, Baba. Hata dakika moja."

"Ningeizima."

"Jibu wanalitaka Jumatano."

Nilikuwa nimepanga kumwambia tena kwamba yeye ni mtu mzima. Maneno hayo yalikuwa yameshafika mdomoni. Nikayameza.

"Maliza mkataba huu, kisha urudi," nikasema. "Mtoto anajaribu kusimama, anashika meza anatetemeka. Mama yako bado anapika chakula cha watu wazima watatu. Na mimi nimekukumbuka, mama. Nilikuwa naisikiliza ile mashine kila siku. Rudi."

"Nimesikia, Baba." Mtu akamwita, na simu ikakatika.

Aprili 29

Msimamizi wa ukumbi alikuja kuchukua mashine zake, akaiona ya binti yangu mezani imefunguliwa, koili nyeusi tii.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Iliendeshwa muda gani?"

"Saa moja na dakika arobaini na nne."

Akanitazama, akaitazama kanuni ukutani, akaisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Nilimwacha amalize. Ilikuwa haki yake.

Aprili 30, Jumatano

Leo ndiyo siku ya jibu. Hakuna simu.

Mei 4, Jumapili

Alipiga, akazungumza na mama yake, mtandao ulikuwa mbaya. Niliuliza, "Amesaini?"

"Muulize mwenyewe."

Laini ilikuwa imeshakatika.

Mei 8

Mwenzangu anasema ninunue mota mpya, zipo tele. Nimemwambia mota mpya ina sauti yake nyingine. Hakubisha. Nitaisuka hii hii kwa waya mpya.

Mei 12, Jumatatu

Nimetoa waya wote ulioungua, mfereji kwa mfereji, nikihesabu mizunguko. Mifereji ishirini na mbili, na kila mmoja nimeuandika. Macho si yale ya zamani. Mjukuu ameketi karibu na mlango na kipande cha mpira wa mashine, anapuliza ndani yake na kucheka.

Mvua zinapungua. Leo manyunyu tu.

Mei 17

Kusuka kumekamilika. Nimeipaka vanishi, lakini kwa unyevu huu haikauki. Nimeiwekea taa ya balbu juu yake kama kifaranga.

Mei 18, Jumapili

Simu. Nilikimbilia, nikakuta mwenzangu ameshaipokea. Aliongea kwa sauti ya chini, akacheka, akaniangalia, akacheka tena. Niliponyoosha mkono alikuwa ameshaaga.

"Anasemaje?"

"Anakusalimu."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, Fundi. Rudi kwenye balbu yako."

Wana siri. Kama angekuwa amesaini mwaka mzima, mwenzangu asingecheka. Au angecheka ili nisimwone analia. Hilo pia nimeliona likitokea. Sijapata usingizi wa mchana, na leo mimi ndiye niliyekuwa nageuka ukutani.

Mei 22

Imekauka. Nimefunga kaboni mpya na beringi mpya. Na swichi ya joto, mpya kabisa. Nimeiunganisha mwanzo kabla ya kitu kingine chochote.

Mei 24, Jumamosi

Leo ilikuwa siku ya jaribio. Jua limetoka tangu asubuhi, uani kumekauka. Nilimwambia mwenzangu aiwashe sebuleni saa nane kamili na kuiacha pale pale ilipo, mimi nisikilize kwa ukuta, maana mota mbovu huisikia vizuri zaidi nikiwa siioni. Dakika arobaini, jaribio halikatizwi. Nilikaa na daftari na saa.

Ilipowaka nilishusha pumzi. Si sauti ile ile. Ni nyembamba kidogo, umepungua ule mtetemo wa mwisho. Nilijiambia hakuna mota inayosukwa ikarudi jinsi ilivyokuwa. Dakika ya kumi, sawa. Ya kumi na tano, sawa.

Dakika ya ishirini na moja sauti ilisogea.

Nilidhani ni masikio. Ikaenda kuelekea dirishani, ikarudi. Ikaingia chini ya kochi na kuwa nzito, ikatoka. Mivuto mifupi mifupi, miwili mbele, mmoja nyuma. Kisha ikagonga mguu wa meza mara mbili, tok, tok, kama ilivyogongwa miaka yote na mtu mmoja tu ambaye nilishamgombeza mpaka nikachoka.

"Mwenzangu!" nikaita. "Nimesema usiisogeze!"

"Mimi niko hapa," alijibu.

Alikuwa amesimama mlango wa karakana, mtoto kiunoni. Anacheka na machozi yanamtoka.

Sijui nilipitaje pale mlangoni. Binti yangu alikuwa katikati ya sebule, begi lake bado liko kizingitini, mkononi ameshika mpira wa mashine. Amekonda. Akaniona. Midomo yake ikaanza kusema, na mota ilikuwa inanguruma, nami sikusikia hata neno.

Niliinama nikachomoa waya ukutani.

"...nasema inanuka vanishi, Baba," alikuwa anamalizia. "Umeipaka nyingi mno."

Mtoto alimkodolea macho, kisha akaficha uso begani kwa bibi yake. Ilichukua muda, na kipande cha mpira cha kupuliza, kabla hajakubali kubebwa. Sasa amelala juu ya mama yake kochini, nyumba kimya, nami naandika mezani karibu nao kwa sababu leo karakana naiona mbali.

Mei 24. Mota ya mashine ya binti, iliyosukwa upya. Jaribio limekatizwa dakika ya 26. Sababu: alikuwa anasema.